Misa Ilishaanza

Oda iliingia Ijumaa saa tano usiku. Stima ilikuwa ndiyo imerudi na nilikuwa nimeweka chai ya rangi kwa moto. Kurasa nane, zitumwe kabla ya Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, shilingi 400 kwa ukurasa. Nilifungua maelezo nikayasoma mara mbili: eleza uhusiano kati ya liturujia ya Kanisa Katoliki hapa duniani na liturujia ya mbinguni.

Nilicheka peke yangu. Halafu nikaacha kucheka.

Kama hujawahi kusikia kuhusu hii kazi, ni hivi. Kuna mwanafunzi mahali fulani Marekani ama Uingereza ambaye hana muda wa kuandika insha yake. Anamlipa mtu. Huyo mtu anakata kipande chake, anampa mwingine, naye anampa mwingine, hadi kazi inafika kwa kijana ndani ya bedsita huku Kahawa West, mwenye laptopu iliyong'oka herufi E. Huyo ni mimi. Nimewahi kuwa mwanafunzi wa uuguzi Ohio. Nimewahi kusomea sheria London. Wiki moja nilikuwa watu watatu katika darasa moja, na wote watatu tukapita. Chuo changu mwenyewe, kile nilichojiunga nacho kwa jina langu, niliacha mwaka wa pili. Sijivunii kazi hii, lakini ndiyo inalipa keja.

Ila oda hii ilinipata pabaya. Sikuwa nimeingia kanisani tangu tumzike Kukhu.

Kukhu ni nyanya yangu, mzaa baba. Alinilea pande za Mumias, miwa mbele, miwa nyuma. Padri alikuja kigangoni kwetu Jumapili moja kwa mwezi. Hizo nyingine katekista ndiye alituongoza ibada ya neno, na Kukhu alimheshimu sana katekista, lakini alitaka Misa. Kwa hivyo Jumapili zisizo na padri tulitembea hadi parokia, saa moja na nusu kwa mguu, yeye mbele na leso kichwani, mimi nyuma na viatu mkononi visishike tope.

Tulichelewa kila mara. Kulikuwa na ng'ombe wa kukamwa, kuku wa kufungulia, na majirani wa kusalimia pamoja na shida zao zote. Kengele ilitukuta tukiwa bado kwenye miwa, nami nilianza kukimbia. Kukhu hakukimbia hata siku moja.

"Wewe unakimbilia nini?" aliniuliza. "Misa ilishaanza zamani."

Nilidhani anamaanisha tumeshachelewa, basi haina haja. Imenichukua karibu miaka ishirini na oda ya mtu wa Marekani kujua kwamba hakuwa anaongea kuhusu saa.

Nikiwa mdogo, mbingu iliniogopesha kuliko jehanamu. Jehanamu ilikuwa moto, na moto nilikuwa naujua. Lakini katekista alitufundisha kwamba mbinguni tutamsifu Mungu milele bila kuacha, na mimi sifa nilizozijua zilikuwa za parokia yetu. Mahubiri ya dakika arobaini. Mnada wa kuku na ndizi za sadaka. Halafu matangazo: harambee ya mabati, mkutano wa wazazi wa watoto wa Komunyo ya kwanza, jumuiya ambazo hazijaleta mchango, zikitajwa moja moja kwa jina. Siku moja niliinua mkono nikauliza kama mbinguni kuna matangazo. Watoto walicheka, katekista akanituma nje nikafagie.

Lakini lile swali halikuwa la kijinga. Ndilo swali nililolipwa shilingi 3,200 kulijibu. Ukiambiwa kwamba tunachofanya hapa Jumapili kinahusiana na kinachofanyika kule, lazima uulize: kinahusiana vipi? Kule ni huku, ila kumerefushwa?

Nilianza na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwa sababu maprofesa wa teolojia wanapenda Mtaguso vile maprofesa wa uuguzi wanapenda Florence Nightingale. Hati ya Mtaguso kuhusu liturujia ilitolewa tarehe 4 Desemba 1963, siku nane kabla ya uhuru wetu. Hapo karibu na mwanzo, kipengele cha 8, inasema kwamba katika liturujia ya duniani tunaonja mapema ile inayoadhimishwa katika mji mtakatifu, Yerusalemu ya juu, kule tunakoelekea kama wasafiri.

Nilikwama kwa hilo neno, kuonja. Nilijua kuonja. Jioni Kukhu aliniita jikoni, akachota mchuzi kwa mwiko, akanimwagia tone kwenye kiganja. Ule haukuwa mfano wa mchuzi. Ulikuwa mchuzi wenyewe, ule ule wa kwenye sufuria, ila kidogo, na sufuria bado iko motoni. Ukionjeshwa hujala, lakini pia huwezi kusema hujui kinachopikwa.

Niliandika hivyo, karibu kwa maneno hayo hayo, nikaenda mbele.

Usiku wa manane nilikuwa kwenye Ufunuo. Sikuwa nimekisoma kile kitabu tangu sekondari, na wakati huo tulikisoma tukitafuta namba ya mnyama tu. Safari hii nilikisoma kama mtu anayehesabu vitu vya duka. Yohana anaona mlango umefunguliwa mbinguni. Ndani kuna kiti cha enzi, na wazee 24 wenye mavazi meupe na taji za dhahabu. Kuna viumbe wanne waliojaa macho, wasiopumzika mchana wala usiku kuimba kwamba Mungu ni mtakatifu. Kuna Mwanakondoo anayeonekana kama amechinjwa lakini amesimama. Kuna kitabu. Kuna vyombo vya dhahabu vyenye ubani, na Yohana anatufafanulia mwenyewe kwamba huo ubani ni sala za watu. Baadaye, sura ya 8, malaika anasimama kwenye altare na chetezo mkononi.

Mavazi meupe, altare, kitabu, chetezo, ubani, wimbo, watu wakisujudu. Hiyo ni sakristia ya parokia yetu, ukitoa zile debe za rangi zilizobaki na kiti kilichovunjika mguu.

Hapo mtu mwerevu atasema Yohana alichora mbingu kwa kuangalia ibada alizozijua. Inawezekana. Lakini Barua kwa Waebrania inageuza mambo: ile hema ya Musa ndiyo iliyokuwa kivuli na nakala, kwa sababu aliambiwa aijenge kwa kufuata mfano alioonyeshwa mlimani. Yaani sisi ndio kopi. Mimi naishi kwa kuandika vitu ambavyo programu za kutafuta kopi hazitavishika, kwa hivyo hapo nilitabasamu. Lakini barua hiyo hiyo, ikifika sura ya 12, inawaambia watu waliokuwa wamekaa mahali fulani wakisikiliza barua ikisomwa kwamba wamefika kwenye Mlima Sayuni, mbele ya malaika wasiohesabika. Haisemi watafika. Inasema wamefika. Nakala ya kawaida haiwezi kukupeleka mahali. Picha ya ugali haishibishi.

Halafu kuna ule wimbo, Mtakatifu. Kama umewahi kuhudhuria Misa hata mara moja, kwa harusi au kwa mazishi, umeusikia. Padri anasali Prefasio, anamaliza kwa kusema kwamba tunaunga sauti zetu na za malaika, halafu kwaya inaingia na ngoma na kayamba, na hata wale waliokuwa wanasinzia wanaamka. Nimeuimba maisha yangu yote bila kujua kwamba umeshonwa kwa vitambaa viwili. Sehemu ya kwanza ni ya maserafi, wale wenye mabawa sita ambao Isaya aliwasikia hekaluni mwaka aliokufa Mfalme Uzia. Sehemu ya pili, ile ya Hosana, ni ya watu wa barabarani. Ni kelele za wale waliotandika nguo na matawi chini Yesu akipita juu ya punda kuingia Yerusalemu.

Kwa hivyo nusu ya wimbo imetoka mbinguni, na nusu nyingine imetoka kwa umati, watu kama wale wa Githurai jioni, wenye vumbi miguuni, wanaopiga kelele kwa sababu kuna mtu anapita na wametamani sana apite. Kila Misa hizo sauti mbili zinaimbwa kwa pumzi moja, na kwa vile nimesoma, hilo ndilo jibu fupi kabisa la lile swali la oda.

Mteja alikuwa ametaka mfano mmoja kutoka nje ya Ulaya. Niliandika kuhusu jirani zetu wa Kongo. Roma iliidhinisha Misale yao mwaka wa 1988, wakati nchi bado inaitwa Zaire. Mwanzoni mwa Misa wanawaita watakatifu, na pamoja nao wanawaita wahenga wao walioishi kwa moyo mnyofu, waje wasimame nao. Wakati wa Utukufu padri na wahudumu wanacheza kuzunguka altare. Tarehe 1 Desemba 2019 Papa Francis aliadhimisha Misa hiyo ndani ya Basilika ya Mtakatifu Petro. Kwa profesa wa Marekani huo ni mfano mzuri wa utamadunisho. Kwangu lilikuwa jambo nililolijua kutoka nyumbani. Kukhu alisali rozari akiwataja marehemu wake kwa majina, wote, mpaka watoto wawili waliokufa kabla baba yangu hajazaliwa, na aliwataja kama watu waliotangulia tu kushika viti.

Basi nikaandika kuhusu Kukhu. Sikupanga.

Niliandika kuhusu 2020. Mwezi wa tatu vyuo vilifungwa, nikarudi Mumias na begi moja. Makanisa nayo yakafungwa. Yalipofunguliwa Julai kulikuwa na masharti: watu 100 tu, saa moja tu, na walio chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 wabaki nyumbani. Kukhu alikuwa na 76. Mwanamke aliyetembea saa moja na nusu kwenda Misa aliambiwa akae, kwa ajili ya afya yake, na alikaa.

Lakini Jumapili aliamka mapema vile vile. Alioga. Alivaa sare yake ya Wanawake Wakatoliki, akafunga kitambaa kichwani, akatandika kitambaa cheupe mezani na kuweka redio juu yake. Misa ilipoanza redioni alisimama. Wakati wa Mtakatifu aliimba. Wakati wa Mageuzo alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, na magoti yenyewe yalikuwa mabaya. Mimi nilikuwa kwenye kochi na kaptula, nikitafuta mtandao.

"Kukhu," nikamwambia, "ni redio tu. Hakuna mtu anakuona."

Aliniangalia kwa huruma kidogo.

"Kwani mimi nimevalia redio?"

Hicho ndicho nilichokiweka katika ukurasa wa saba. Niliandika kwamba nyanya yangu, bila Komunyo na bila padri, akiwa peke yake na mjukuu mvivu, alijua kwamba kuna mkusanyiko unaoendelea na kwamba yeye ni mmoja wao. Misa ile haikuwa ya parokia, kwa hivyo parokia ikifungwa, Misa haifungwi. Ilishaanza zamani. Sisi tunaingia tu, wengine mapema, wengine wakiwa wamechelewa na viatu mkononi.

Jumamosi usiku nilituma rasimu. Saa tisa usiku mteja akajibu. Alisema kazi ni safi sana, ila niondoe hadithi ya nyanya. Profesa wake alikuwa anamjua. Nyanya yake alikuwa Mlutheri, tena yuko hai, anaishi Minnesota.

Nikaiondoa. Ilikuwa aya tatu. Nilizikata nikaziweka kwenye faili lingine, na faili hilo ndilo unalisoma sasa, pamoja na kile ambacho hata mteja sikumwandikia.

Nacho ni hiki. Januari 2021 vyuo vilifunguliwa na mimi sikurudi. Mjomba aliyekuwa akinilipia karo alikuwa amepoteza kazi wakati wa korona, na deni la muhula uliopita lilikuwa bado liko. Nilimwambia Kukhu kwamba masomo yamehamia mtandaoni na kwamba Nairobi mtandao ni mzuri. Alikubali. Angekataa kwa nini? Kila nikipiga simu aliuliza masomo vipi, nikasema poa. Alipouliza mahafali ni lini, nikasema yamesogezwa mbele. Hata sikusema uongo mkubwa wakati wowote. Nilisema midogo midogo, kila mwezi, kama mtu anayelipa deni.

Alifariki Agosti 2023. Baada ya mazishi Senge aliniita kando, akanipa daftari dogo la shule, lile la kurasa 32. Kukhu alikuwa akimtuma ofisi ya parokia na shilingi 200 kila mwezi, pesa za mayai, kuweka nia ya Misa, na Senge alikuwa akiandika kwenye daftari ili pesa zisileteane maneno. Tarehe, shilingi 200, nia: mjukuu wangu amalize chuo. Mwezi unaofuata, tarehe, shilingi 200, nia: mjukuu wangu amalize chuo. Nilihesabu mara 31.

Senge alikuwa anajua? Sijui. Alinipa daftari tu, akaenda kuosha sufuria.

Tangu siku hiyo niliacha kwenda kanisani, na nilikuwa na sababu nyingi za kuwaambia watu. Wanasiasa wanapewa maikrofoni. Michango haiishi. Mahubiri ni marefu. Zote ni za kweli na hakuna hata moja iliyokuwa yangu. Sababu yangu ilikuwa kwamba nilielewa, bila kuwa na maneno yake, kile nilichokuja kukisoma usiku ule. Kama mkusanyiko ni mmoja, wa huku na wa kule, basi siwezi kuingia kanisani bila kusimama karibu naye. Na sasa hatumii simu. Siwezi kumwambia poa.

Katekisimu, katika sehemu ya liturujia, inasema kwamba walio kule wanaadhimisha bila ishara. Hawahitaji mkate wala mshumaa wala kitabu, kwa sababu kile ambacho ishara zinaonyesha wanacho mbele yao. Yohana naye, akifika mwisho wa maono yake, anasema hakuona hekalu katika ule mji. Nilipokuwa mtoto hilo lingenifurahisha: hakuna hekalu, basi hakuna matangazo. Saa kumi na moja alfajiri lilinitisha kwanza. Bila ishara maana yake ni bila pazia, na yeye anaona kila kitu. Halafu likageuka polepole. Kama anaona kila kitu, basi anaona pia yale madeni, na ile laptopu, na kwamba nilidanganya kwa sababu sikutaka auze ng'ombe. Au labda bado yuko toharani, bado yuko njiani, na mimi nimekaa huku miaka miwili bila kumwombea hata sala moja, yeye aliyeniombea mara 31 za kulipiwa na sijui ngapi za bure.

Nilituma kazi saa kumi na moja na nusu. Sikulala. Saa tatu kasoro kidogo nikaoga, nikavaa shati la mazishi kwa sababu ndilo lililokuwa safi, nikatoka kwenda kanisa la huku mtaani ambalo nimelipita mara elfu.

Nilichelewa. Nikasikia kwaya kutoka barabarani, nikajikuta nakimbia kati ya vibanda vya mboga. Halafu nikakumbuka, nikatembea.

Ndani kulikuwa kumejaa. Nilisimama mlangoni na akina mama wenye watoto wanaolia na vijana wanaotaka kutoka mapema. Padri alikuwa anamaliza Prefasio. Mtakatifu ulipoanza sikuimba, nilisema tu kwa sauti ndogo, ndani ya zile kelele, "Kukhu, niliacha chuo." Hakuna kilichotokea. Mtoto wa mama aliye mbele yangu alinikodolea macho, halafu akanipa biskuti iliyolowa mate. Komunyo sikuipokea, sikuwa tayari, kuna kitubio kwanza. Lakini nilikaa mpaka matangazo, yote, hata yale ya mabati.

Baadaye nikaingia ofisini na shilingi 200. Karani alifungua kitabu akaniuliza nia ya nani. Nikamtajia jina kamili la Kukhu, marehemu.

"Misa ya saa ngapi?"

Nikamwambia yoyote. Huyo hata akichelewa hana haraka.